Usione Wembamba wa Reli

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia.)



Leo naanza kwa kukiri kosa. Majuma machache yaliyopita alinijia nyumbani mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anasomea uhandisi wa umeme. Baada ya "shikamoo mjomba" na "marahaba", nikamwona hana raha. Chuoni kwake alikuwa amependekeza kwamba mradi wake wa mwaka wa mwisho uwe wa kusanifu prosesa ndogo ya kompyuta. Mwalimu wake akamwambia aachane na ndoto hizo. Prosesa, alimwambia, ni kazi ya mataifa yenye mabilioni ya dola. Kazi yetu sisi ni kununua na kutumia. Binti akaniuliza, "Mjomba, wewe unaonaje?" Nami, kwa kutaka mambo yaishe haraka maana chakula kilikuwa kimeshaandaliwa, nikamjibu kwamba mwalimu wake anasema kweli.

Usiku ule sikulala vizuri. Nimefuatilia historia ya mitambo hii kwa miaka mingi, na nilijua kwamba jibu nililompa mtoto halilingani na historia hiyo. Basi mazungumzo ya leo ni jibu langu la pili kwake. Nyinyi wengine nawaomba mkae nasi msikilize, kwa sababu habari yenyewe iko mifukoni mwenu.

Tuanze na prosesa yenyewe. Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayofanya kazi. Ni kipande cha silikoni, mara nyingi chenye ukubwa wa ukucha, na ndani yake zimepangwa swichi ndogo sana za umeme ziitwazo transista. Watu huiita ubongo, lakini ubongo huo unajua mambo machache tu: kuchukua namba kutoka kwenye kumbukumbu, kujumlisha, kulinganisha, kurudisha jibu mahali pake, na kuruka kwenda kwenye agizo jingine. Kila aina ya prosesa ina orodha yake ya maagizo inayoyaelewa, na orodha hiyo ndiyo lugha yake. Barua unayoandika, wimbo unaosikiliza, fedha unazotuma, vyote mwishowe hugeuzwa kuwa msururu wa maagizo hayo madogo.

Sasa, swali lililowagawa wataalamu kwa miaka mingi ni jepesi kulitamka. Je, orodha hiyo ya maagizo iwe ndefu au iwe fupi?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kwamba iwe ndefu. Tusiwacheke waliosema hivyo, maana walikuwa na sababu. Katika miaka ya 1950 na 1960 kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali mno. Agizo moja linalofanya kazi ya maagizo manne liliokoa nafasi, na nafasi ilikuwa fedha. Tena mwaka 1951 Mwingereza Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge alitoa wazo la werevu sana: badala ya kufunga nyaya mpya kwa kila agizo, ndani ya prosesa iwekwe programu ndogo ya siri, na programu hiyo ndiyo ivunjevunje maagizo makubwa kuwa hatua ndogo. Tangu hapo kuongeza agizo jipya kukawa rahisi. Unaandika mistari michache zaidi katika programu ile ya ndani, basi.

Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni ya IBM ilitangaza familia ya kompyuta iitwayo System/360. Mashine zake zilikuwa kubwa na ndogo, ghali na nafuu, lakini zote zilielewa orodha moja ya maagizo, na katika nyingi kati yake programu ile ya siri ndiyo iliyowezesha jambo hilo. Hayo yalikuwa mapinduzi. Wengine wakafuata, na kila mmoja akaongeza la kwake. Mwaka 1977 kampuni ya Digital, pia ya Marekani, ikaleta mashine iitwayo VAX. Ilikuwa na maagizo kwa mamia. Lilikuwamo hata agizo moja la kukokotoa mlinganyo mzima wa hisabati kwa mkupuo. Mashine hiyo ilipendwa sana, na ikaonekana kwamba maendeleo maana yake ni kuongeza.

Ndipo watu wachache walipoanza kupima.

Wa kwanza katika hao alikuwa John Cocke, mtafiti wa IBM katika maabara ya Yorktown Heights, jimbo la New York. Mwaka 1974 yeye na wenzake walikuwa wakifikiria mtambo wa kuunganisha simu, ambao ulitakiwa uhudumie simu 300 kwa kila sekunde. Mtambo wenyewe haukuendelea, lakini hesabu zilizofanywa kwa ajili yake ziliwaonyesha kitu. Walipotazama programu zilizokuwa zikiendeshwa kwenye kompyuta kubwa za kampuni, waligundua kwamba sehemu kubwa ya kazi yote ilifanywa na maagizo machache, tena yale mepesi kabisa. Yale makubwa yaliyogharimu jasho la wahandisi yalikaa kama sahani za kabatini zinazosubiri mgeni.

Kwa nini? Kwa sababu siku zile programu hazikuandikwa tena na mtu kwa mkono, agizo baada ya agizo. Ziliandikwa kwa lugha iliyo karibu na ya binadamu, kisha programu nyingine, mfasiri, ikazigeuza kuwa maagizo ya mashine. Na mfasiri huyo huona taabu kujua ni lini hasa lile agizo la ajabu linafaa. Hutumia yale mepesi anayoyamudu.

Cocke na wenzake wakaanza kujenga kompyuta yenye maagizo mepesi tu, ambayo mengi yake yangemalizika kwa pigo moja la saa ya mashine. Waliiita 801, kwa namba ya jengo walimofanyia kazi. Ikafanya kazi kwa kasi ya kushangaza. Lakini IBM haikuwa na haraka ya kuiuza, maana ilikuwa na mashine zake kubwa zilizokuwa zikiiingizia fedha nyingi. Mwenye duka lililojaa wateja havunji ukuta.

Wa pili alikuwa David Patterson, mwalimu kijana wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1979 alikwenda kufanya kazi kwa muda katika kampuni ile ya Digital, na huko alishughulika na makosa yaliyokuwamo katika programu ya ndani ya VAX. Aliporudi chuoni aliandika makala akisema kwamba kama prosesa zote zitaelekea kwenye ugumu wa VAX, basi kila chipu itahitaji njia ya kurekebishwa makosa baada ya kuuzwa. Makala ilikataliwa. Waliyoipitia waliona ni kichekesho kutengeneza chipu zenye makosa. Patterson akajiuliza swali ambalo nadhani kila fundi mwema hujiuliza siku moja: ikiwa kitu hiki ni kigumu kiasi cha kutotengenezeka bila makosa, kwa nini nakitengeneza?

Mwaka 1980 yeye na David Ditzel walichapisha makala ya kutetea kompyuta zenye orodha fupi ya maagizo. Kifupi cha jina walilolipa wazo hilo kwa Kiingereza ni RISC, na ndilo lililoshika hadi leo. Katika makala hiyo walitoa mfano mmoja unaonifurahisha kila ninapousoma. VAX ilikuwa na agizo maalumu la kutafuta nafasi ya kitu ndani ya jedwali. Agizo moja, kazi nzima. Walipoliondoa na kuweka mahali pake maagizo kadhaa mepesi ya mashine ile ile, kazi ile ile ilifanyika kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 45. Yaani mtambo wa kifahari ulishindwa na vifaa vya kawaida vilivyokuwa ndani ya sanduku lake lenyewe!

Hapo msikilizaji ataniuliza: inawezekanaje hatua nyingi ndogo ziishinde hatua moja kubwa?

Nenda asubuhi kwa mama anayepika chapati, mwenye wasaidizi wawili. Mmoja anakata madonge, wa pili anasukuma, mama mwenyewe yuko kwenye chuma. Kila chapati inapita mikono mitatu, lakini kwa kuwa hatua zote zinachukua muda unaolingana, chuma hakikosi chapati na mteja hasubiri. Sasa aje mteja mmoja anayetaka chapati ya nyama ya kusaga iliyokunjwa mara nne. Anayesukuma anasimama, mama anasimama, foleni nzima inasimama. Prosesa nayo hupanga kazi zake kwa mikono hivyo hivyo. Maagizo yakiwa mepesi na ya kulingana, msururu haukatiki. Agizo moja zito huwasimamisha wote.

Wanafunzi wa Berkeley, na nasisitiza neno hilo, wanafunzi, wakiongozwa na walimu wao, walisanifu chipu iliyoitwa RISC-I na kuikamilisha mwaka 1982. Ilikuwa na maagizo 31 tu na transista 44,420, idadi ndogo ukiilinganisha na chipu kubwa zilizokuwa zikibuniwa na makampuni wakati huo. Hata hivyo iliweza kushindana nazo. Ng'ambo ya ghuba, katika Chuo Kikuu cha Stanford, John Hennessy na wanafunzi wake walianza mwaka 1981 kazi ya namna hiyo hiyo, wakaiita MIPS.

Wakubwa wa viwanda hawakukubali mara moja. Walisema programu zitakuwa ndefu, walisema mfasiri hataweza, walisema hayo ni mambo ya darasani. Lakini namba zilikuwa wazi. Mwaka 1990 Patterson na Hennessy walitoa pamoja kitabu cha kufundishia usanifu wa kompyuta kilichosimama juu ya msingi mmoja: pima kwanza, ndipo useme. Katika moja ya vipimo vyao, prosesa za ukoo wa Intel, zenye maagizo mengi, zilionekana kutumia maagizo 10 mepesi kwa asilimia 96 ya kazi zote. John Cocke alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta, mwaka 1987. Patterson na Hennessy walipewa ya mwaka 2017.

Mpaka hapa, mpwa wangu anaweza kusema, "Lakini mjomba, hao ni IBM na vyuo vikuu vya California." Ni kweli. Basi tuvuke bahari twende Uingereza, katika mji wa Cambridge, kwenye kampuni ndogo iliyoitwa Acorn.

Acorn ilikuwa imepata bahati. Shirika la utangazaji la BBC lilitaka kuwafundisha wananchi kompyuta kupitia televisheni, na Acorn ikashinda kazi ya kutengeneza mashine ya mafunzo hayo. BBC Micro ilitoka mwishoni mwa mwaka 1981, ikaingia katika shule nyingi za Uingereza, na zaidi ya mashine milioni moja zikauzwa. Lakini prosesa yake ilikuwa ndogo na Acorn ilitaka kitu chenye nguvu zaidi. Wahandisi wake walijaribu prosesa zilizokuwa sokoni, hawakuridhika nazo. Walikuwa wamesoma makala za Berkeley, ila hawakuamini kwamba kampuni kama yao ingeweza kutengeneza prosesa yake yenyewe. Waliamini, kama mwalimu wa mpwa wangu, kwamba hiyo ni kazi ya majitu.

Mwaka 1983 wawili kati yao, Sophie Wilson na Steve Furber, walikwenda jimbo la Arizona, Marekani, kuitembelea kampuni iliyokuwa ikisanifu prosesa mpya ya ukoo ule waliouzoea. Walitegemea kukuta majengo makubwa ya vioo. Walikuta nyumba ya kawaida katika mtaa wa makazi, na vijana wa shule walioajiriwa wakati wa likizo wakisaidia kuchora chipu. Safari ile haikuwapa prosesa waliyoitaka. Iliwapa kitu kikubwa zaidi: iliwatoa woga. Walirudi wakisema, kama hawa wanaweza, kwa nini sisi tusiweze?

Kazi ikaanza Oktoba 1983. Wilson alibuni orodha ya maagizo na kuijaribu kwa programu aliyoiandika kwa lugha ya BASIC kwenye BBC Micro, kompyuta ile ile ya watoto wa shule. Furber alisanifu muundo wa ndani. Mkuu wao, Hermann Hauser, baadaye alipenda kueleza kwamba aliwapa wahandisi wake mambo mawili ambayo kampuni kubwa hazikuwahi kuwapa watu wake: ukosefu wa fedha na ukosefu wa watu. Ilikuwa mzaha wenye ukweli. Kwa watu wachache namna ile, njia pekee ya kuimaliza kazi ilikuwa kuifanya iwe nyepesi.

Tarehe 26 Aprili 1985 chipu za kwanza zilifika kutoka kiwandani Marekani. Waliichomeka moja kwenye ubao, ikafanya kazi siku ile ile. Wataalamu watakwambia kwamba hilo si jambo la kawaida. Ilikuwa na transista kama 25,000. Mwaka huo huo Intel ilitoa prosesa yake ya 80386, na ile ilikuwa na transista 275,000.

Kisha likatokea jambo ambalo Furber amelisimulia mara nyingi. Alitaka kupima chipu inakula umeme kiasi gani, akaunganisha kipimo kwenye njia ya umeme. Kipimo kikasoma sifuri. Chipu inafanya kazi, programu inakwenda, kipimo kinasema sifuri! Walipochunguza wakakuta ubao ulikuwa na hitilafu, na umeme haukuwa ukiifikia chipu kabisa kwa njia yake. Ilikuwa ikijiendesha kwa kiasi kidogo cha umeme kilichovuja kupitia nyaya za kupelekea ishara.

Na msidhani walikuwa wamekusudia miujiza hiyo. Walitaka tu chipu isipate joto sana, ili ikae ndani ya ganda la plastiki, kwa sababu ganda la kauri ni ghali. Walilenga isizidi wati moja. Kwa kuwa hawakuwa na zana nzuri za kukadiria, walibana matumizi kila mahali, wakajikuta wamefika karibu na sehemu ya kumi ya wati. Ubahili wa ganda ukazaa sifa ambayo dunia haikuwa imeiomba bado.

Acorn yenyewe haikufaidi sana. Mwaka huo huo wa 1985 ilikwama kifedha, ikachukuliwa na kampuni ya Kiitalia ya Olivetti. Lakini Novemba 1990 prosesa ile ilipewa kampuni yake yenyewe, iliyoundwa na Acorn, Apple na kiwanda cha chipu cha VLSI. Ndiyo ARM. Ilianza na wahandisi 12, na makao yao yakawa banda la zamani la shambani nje ya Cambridge. Kwa kuwa hawakuwa na fedha za kujenga kiwanda, waliamua kutouza chipu. Waliuza leseni ya usanifu wao, na kila chipu iliyotengenezwa na wengine ikawaletea mrabaha kidogo.

Halafu ikaja simu ya mkononi. Simu inaishi kwa betri, na betri haina msamaha kwa mlafi. Mwishoni mwa mwaka 1997 Nokia ilitangaza simu ya 6110, ikiwa na prosesa ya ARM ndani yake. Kutoka hapo mto ukafurika. Kufikia mwaka 2023 zilikuwa zimetengenezwa chipu zaidi ya bilioni 250 zenye usanifu wa ARM. Wakenya walipoanza kutumiana fedha kwa M-Pesa mwaka 2007, na majirani wakafuata, biashara yote ile ilipita katika simu nyepesi ambazo betri yake ilikaa siku kadhaa, hata kijijini kusiko na umeme. Leo nenda Kariakoo au Mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, mwombe fundi akuonyeshe ubao wa simu aliyoifungua. Katika kile kidude cheusi cha katikati, karibu kila simu, umo usanifu uliozaliwa na ukosefu wa fedha na ukosefu wa watu.

Wala haukuishia kwenye simu. Mwezi Juni 2020 kompyuta yenye kasi kuliko zote duniani ilikuwa Fugaku ya Japani, na prosesa zake zilikuwa za ukoo huo wa ARM. Ilikaa juu hadi Mei 2022. Wahenga walisema usione wembamba wa reli, garimoshi hupita juu yake.

Sasa lazima niwe mkweli, nisije nikampotosha mtoto mara ya pili.

Kwanza, wakubwa hawakulala. Intel, ambayo orodha yake ilikuwa ndefu na haikuweza kuiacha kwa sababu ya wateja wake, ilitafuta njia. Katika prosesa yake ya Pentium Pro ya mwaka 1995, maagizo ya zamani yalipokewa mlangoni, yakavunjwa kuwa hatua nyepesi, na ndani kazi ikaendeshwa kwa mtindo unaofanana na ule wa Berkeley. Kwa nje shati la zamani, kwa ndani mwili mpya. Kwa uwezo wake wa fedha na viwanda, Intel ilizishinda prosesa nyingi za orodha fupi zilizokuwa bora kimaandishi. Mkono mtupu haulambwi.

Pili, wepesi peke yake hautoshi, na wepesi nao hupotea. Ili kuongeza kasi, wasanifu wa kambi zote walizidi kuzifundisha prosesa kubahatisha: kuanza kazi kabla ya kujua kama itahitajika. Ni kama mhudumu wa mgahawa anayekuona unaingia akaanza kukukaangia mayai kabla hujaagiza. Akipatia, umeokoa muda. Akikosea, anayatupa. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba yakishatupwa yamekwisha. Mwanzoni mwa Januari 2018 watafiti walitangaza udhaifu uliopewa majina ya Meltdown na Spectre, wakaonyesha kwamba harufu ya mayai hubaki jikoni, na mwenye pua kali anaweza kujua siri za mteja. Prosesa za Intel ziliguswa, na baadhi ya za ARM pia. Kila werevu unaoongezwa una deni lake, na deni hilo laweza kudaiwa baada ya miaka 20.

Tatu, na hili ndilo zito, Acorn na Berkeley hawakuwa maskini kama tunavyoujua umaskini sisi. Utafiti wa Berkeley ulilipiwa na fedha za serikali ya Marekani. Acorn ilikuwa na soko lililofunguliwa na shirika la umma, na shule zilizosaidiwa na serikali kununua kompyuta zake. Upungufu uliwalazimisha kufikiri, ni kweli, lakini nyuma yao kulikuwa na vyuo, vipimo, na mtu aliyekubali kulipa mishahara hadi kazi iishe. Upungufu mtupu, usio na shule wala soko, hauzai prosesa. Huzaa njaa tu.

Lakini mlango mmoja umefunguka ambao Wilson na Furber hawakuwa nao. Mwaka 2010 pale pale Berkeley, Krste Asanović na wanafunzi wake, pamoja na Patterson yule yule, walihitaji orodha ya maagizo kwa ajili ya utafiti wao. Orodha za kampuni kubwa zina wenyewe na zina leseni. Wakaandika ya kwao, wakaiita RISC-V, yaani ya tano, na wakaitoa wazi kwa dunia. Msingi wake hauzidi maagizo 50. Yeyote anaweza kusanifu prosesa inayoielewa, bila kuomba ruhusa na bila kulipa mrabaha. Jumuiya inayoitunza imeandikishwa Uswisi, ili isiwe mali ya taifa moja kubwa. Nchini India, taasisi ya IIT Madras ina mradi uitwao Shakti, ambao umesanifu prosesa kadhaa kwa orodha hiyo. Na kiwanda si lazima uwe nacho. Tangu kampuni ya TSMC ilipoanzishwa Taiwan mwaka 1987, anayesanifu na anayetengeneza wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Hata kabla ya kufika huko, zipo chipu ambazo mwanafunzi anaweza kuzipanga upya kwa kompyuta yake mara nyingi apendavyo, akaiona prosesa yake ikifanya kazi mezani.

Kwa hiyo mwalimu wa mpwa wangu ana kweli nusu. Kujenga kiwanda cha chipu ni mabilioni. Kushindana leo na walio kileleni ni mabilioni. Lakini kufikiri prosesa iweje, kuandika maagizo 40 na kitu, kupima, kukosea na kupima tena, hiyo ilikuwa kazi ya wanafunzi mwaka 1982, na ni kazi ya wanafunzi hadi leo. Anayemwambia mwanafunzi asiguse hamwokolei fedha yoyote. Anamnyima ile safari ya Arizona.

Nimemwita binti juzi, nikamweleza haya yote, nikamwomba radhi. Hakusema mengi. Aliuliza tu, "Kwa hiyo nirudi kwa mwalimu?" Nikamwambia arudi, kwa adabu zote, asibishane naye juu ya mabilioni. Achukue orodha ya maagizo ile fupi, aiweke mezani, na aombe ruhusa ya kuanza na kujumlisha.

Hadi juma lijalo, ndugu wasikilizaji, kwaherini.